Mende Aliponea, Dinosau Akaangamia

Mtaa wetu wa Kiandutu, Thika, ulipata jina kutokana na ndutu, yaani funza kwa Kikuyu. Kwa hivyo sisi hapa hatufundishwi habari za viumbe wasiotaka kuondoka.

Juzi usiku umeme ulipopotea, kifungua mimba wangu alikuwa akidurusu somo la sayansi. Nilipowasha mshumaa, mende akachomoka chini ya jiko. Nikavua ndara, nikampiga. Akalala chali kama maiti, kisha akatorokea kwenye ufa wa ukuta.

"Baba," kijana akauliza, "kitabu chasema dinosau waliisha. Mbona huyu hakuisha?"

Msomaji mpendwa, swali hilo si la kitoto.

Miaka milioni 66 iliyopita, jiwe lenye upana wa kilomita 10 hivi lilianguka kutoka angani, mahali ambapo leo ni rasi ya Yucatan, Mexico. Vumbi na moshi vikaziba jua. Mimea ikafa, wala mimea wakafa njaa, na waliowala hao wakafuata. Takriban aina tatu katika kila nne za viumbe zilitoweka. Wenye miili mikubwa waliumia zaidi, maana tumbo kubwa halina subira. Katika ukoo wa dinosau walisalia ndege tu. Naam, hata kuku wa jirani ni kitukuu wao!

Nani basi waliponea? Kwanza ni wadogo wenye pa kujificha, kama mamalia wa kale waliolingana na panya. Pili ni wasiochagua chakula. Mende hula karibu kila kitu, hata gundi ya vitabu, na mayai yake hukaa ndani ya kifuko kigumu. Tatu ni wenye matumizi madogo. Mamba aweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Isitoshe, mtoni viumbe wengi hutegemea uchafu unaooza, ambao haukomi siku jua linapofichika.

Wengine walisalia vilindini. Wataalamu waliamini kwamba samaki aitwaye silakanti aliangamia pamoja na dinosau, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mmoja alinaswa Malindi, hapa hapa kwetu, na tangu 2003 wavuvi wa Tanga wamewanasa wengi.

Lakini tusijidanganye kwamba kila mnyama atajiokoa. Siku hizi jiwe halijaanguka. Binadamu ndiye anayeua na kufyeka misitu. Kifaru mweupe wa kaskazini ana mwili mkubwa, hula nyasi, na mimba yake huchukua miezi 16 hivi, tena kwa ndama mmoja. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018, akawaacha majike wawili tu, Najin na Fatu. Tukiendelea hivi, wajukuu watarithi panya, mende na funza.

"Na sisi, Baba, tuko upande gani?"

Nikamwambia tuna miili mikubwa na twazaa polepole kama kifaru, ila twala kila kitu kama mende.

"Tena tuna akili," akaongeza.

Hapo nikanyamaza, nikaitafuta ndara yangu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.