Kirusi Hakijigeuzi

Miongoni mwa wanaoandika sayansi kwa Kiswahili umezuka mtindo wa kusema kwamba kirusi "kimejigeuza" au "kimejibadilisha". Kisarufi kauli hiyo haina dosari, kimaana inapotosha. Kiambishi -ji- kikiandamana na kauli ya kutendesha humpa mtenda nia, nacho kirusi hakina nia. Jeni zake zinaponakiliwa hutokea makosa, na mengi ya makosa hayo hupotea bila athari yoyote. "Kimebadilika" latosha.

Chukua mfano wa korona ya paka. Kirusi hiki hukaa utumboni, huenea kwa kinyesi, na aghalabu huleta kuharisha kidogo tu au kisilete dalili kabisa. Lakini katika paka wachache, mabadiliko ya jeni yatokeayo ndani ya mwili wa paka yuyo huyo hukiwezesha kuzaana katika chembe nyeupe za damu. Tumbo au kifua chaweza kujaa maji, na asipopata dawa paka hufa. Maradhi haya yalielezwa huko Marekani mnamo 1963. Hata duma, mnyama ambaye mbuga za Mara zinajivunia, walipukutika kwayo katika hifadhi moja ya Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa mfikirie mfugaji wa Ndanai, upande wa Sotik. Yeye hafugi paka kwa pambo. Paka ndiye mlinzi wa ghala la mahindi. Kiswahili ni lugha yake ya pili baada ya Kikipsigis, wala si kazi yake kukisia maana iliyofichwa na mfasiri. Akiambiwa tu kwamba "ugonjwa huu huambukiza", atawatupa paka wote kwa kumwona mmoja amevimba tumbo, na panya watafurahi. Kumbe kinachoambukizwa kwa kawaida ni kile kirusi kipole. Kilichoua kimezuka ndani ya paka aliyekufa. Isitoshe, tangu Machi 2020, korona ilipothibitishwa nchini Kenya, jina lenyewe hutisha, ilhali korona hii ya paka haimwambukizi binadamu wala siyo iliyoleta UVIKO-19.

Kitenzi kingine cha kuchungwa ni "kusababisha". Mwaka 2012 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kwamba mabadiliko katika nafasi mbili za protini ya miiba, ya 1058 na ya 1060, huvitenganisha karibu virusi vyote vikali na vile vipole. Mwaka 2014 watafiti wa Bristol wakalikuta badiliko la nafasi ya 1058 hata katika viungo vya paka wasiokuwa na maradhi hayo. Basi badiliko hilo "huhusishwa na" ukali; anayeandika kwamba "husababisha" amesema asichokijua, hata kama sentensi yake ni nyepesi zaidi.

Kisha pana Saiprasi, ambako mwaka 2023 paka wengi walikufa kwa korona ya paka iliyochukua sehemu ya jeni za korona ya mbwa. Hapo si herufi chache zilizobadilika. Kipande kizima kimetoka kwa kirusi kingine. Kuliita hilo nalo "badiliko" ni kuificha habari yenyewe. "Muunganojeni" lingefaa zaidi, ingawa wapo watakaosema kwamba neno hilo linanuka siasa.