Bomba la Moshi Lipewe Ufagio Wake

Mama unayepika ndani, na wewe baba uliyejenga jiko la matofali lenye bomba la kutoa moshi, nataka kusema nanyi. Mlifanya vema kujenga bomba. Lakini je, mlilisafisha lini?

Kila siku moshi ukipita huacha masizi. Masizi yakizidi, njia huwa nyembamba, na moshi hurudi chumbani, machoni mwa mama na kifuani mwa mtoto aliye mgongoni. Kikohozi hicho hakikuletwa na upepo wa ziwa, wala na jirani mwenye wivu. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 hivi, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Tena, bomba likiziba kabisa, hewa ya sumu hubaki ndani, ile isiyo na rangi wala harufu. Huleta kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, halafu usingizi wa kufa. Ukiona dalili hizo kwa watu waliolala karibu na moto, watoe nje upesi, kisha wapeleke hospitali.

Wengine husema, "Kazi ni rahisi. Weka majani makavu, washa moto mkubwa, masizi yataungua yenyewe." Nakataa kabisa. Ni kweli yataungua, lakini joto ndani ya bomba laweza kupita digrii 1,000. Matofali hupasuka, bati hulegea, na cheche hutoka juu. Nyumba zetu nyingi zina paa la nyasi, nazo zimekaribiana. Utasafisha bomba lako na kuchoma nyumba ya shemeji yako! Mafuta ya taa ni mabaya zaidi, usiyamwage humo kamwe. Na wale wanaoshusha jiwe kwa kamba na kulipigapiga ndani huvunja udongo ulioziba nafasi za matofali, na baadaye moshi hutokea ukutani.

Chombo kipi basi? Tazama kwanza masizi yako, maana si ya namna moja. Yakiwa laini kama unga mweusi, ufagio unatosha. Yakiwa magamba makavu, unahitaji kitu cha kukwangua, kama kipande cha jembe la zamani kilichopindwa na kufungwa mtini. Lakini yakiwa magumu, yenye kung'aa kama lami, ufagio hautayaondoa. Hayo yametokana na kuni mbichi. Fundi ayakwangue polepole, au bomba la bati libadilishwe, na tangu siku hiyo uanike kuni zako. Mwenye kuchoma kuni mbichi atanunua ufagio kila mwaka na bado ataishi na moshi.

Huhitaji kwenda Uvira kununua brashi. Brashi ya waya hufaa matofali magumu, bali bati jembamba hukwaruzwa nayo na kuingiwa na kutu. Kwa maoni yangu ufagio wa njiti za mchikichi unafaa zaidi, na michikichi tunayo. Pima upana wa bomba kwa kijiti. Ufagio uzidi upana huo kidogo, kama unene wa kidole, ili njiti zijikunje na kusugua pande zote. Ukiwa mwembamba utapita katikati bure. Ukiwa mnene mno utakwama. Ufunge kwa waya kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Usitumie kamba dhaifu, kwa sababu ufagio ukifunguka humo, umejiongezea kizibo. Bomba la bati lenye kona, lifungue vipande vipande, ukalisafishie nje.

Fanya kazi hii jiko likiwa limepoa tangu jana. Toa sufuria na chakula. Funga kitambaa puani na mdomoni, weka gunia lililoloweshwa mbele ya mdomo wa jiko, kisha sukuma ufagio kutoka chini, ukipandisha na kushusha.

Na kazi hii ni ya mtu mzima. Naona baba wengine humpandisha mtoto juu ya paa kwa sababu ni mwepesi. Mtoto akianguka, wepesi wake utamsaidia nini? Zamani Uingereza watoto waliingizwa ndani ya mabomba kuyakwangua. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwamba wasafishaji hao walipata saratani katika ngozi ya mfuko wa korodani, akaona kuwa masizi ndiyo yaliyoileta. Masizi si vumbi tu. Ukimaliza, oga kwa sabuni mwili wote, ufue na nguo ulizovaa.

Masizi uliyoyatoa yamwagie maji, kwa maana kaa la moto laweza kujificha ndani yake, kisha yafukie mbali na kisima. Ukisha, washa moto mdogo utazame kama moshi unapanda. Baada ya hapo chunguza bomba kila mwezi kwa kijiti. Masizi yakifikia unene wa njiti ya kibiriti, ufagio uingie tena. Utundike ukutani jikoni, na usikubali mtu aufagilie uani.