Punguzo la bei halifidii namba ya chasisi

MPANDA: Mavuno yanapouzwa mkoani Katavi, fedha za mpunga wa Majimoto, mahindi na tumbaku huingia mjini, na sehemu yake kubwa huishia kwenye magurudumu. Fuso, Canter, Noah, IST na Land Cruiser zilizotumika hununuliwa haraka haraka, kwani gari likichelewa siku moja mzigo huchukuliwa na mwingine. Haraka hiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi.

Desturi ya soko ni kusoma kadi, kutazama namba ya usajili, kusikiliza injini, kisha kutoa fedha. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma haitazamwi mpaka siku ya kuhamisha umiliki TRA, au siku trafiki anapofungua boneti. Hapo ndipo hugundulika kuwa namba ya kwenye chuma si ile iliyo katika kumbukumbu za serikali. Wakati huo dalali amekwisha kula cha juu, na simu ya muuzaji haipatikani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Si kila tofauti ni wizi. Karani huweza kuandika 8 badala ya B, au sifuri badala ya O. Namba ya injini nayo hutofautiana mara nyingi kwa sababu injini iliyokufa hubadilishwa kwa nyingine kutoka Japani, na mwenye gari akasahau kutoa taarifa. Makosa ya aina hii hurekebishika, lakini kazi ya kuyarekebisha ni ya muuzaji, kabla ya kupokea fedha.

Namba ya chasisi ikitofautiana yote ni jambo jingine kabisa. Njia inayojulikana ni kuchukua kadi ya gari lililokufa kwa ajali na kulivika gari jingine linalofanana nalo. Gari hilo jingine huenda limeibwa, au ni la IT lililopaswa kuvuka Tunduma kwenda Zambia au Kongo bila kulipiwa ushuru wa ndani. Wizi nao hausimami mpakani. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia Lexus iliyoibwa London ikiwa na kifaa cha kuonyesha mahali ilipo. Ilipita Le Havre nchini Ufaransa, ikapita Oman na Mombasa, ikakutwa Uganda.

Sheria haimhurumii mnunuzi kwa kuwa hakujua. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kanuni ni kwamba asiye mwenye mali hawezi kumpa mwingine umiliki. Kwa gari lisilolipiwa ushuru, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kulikamata na kulitaifisha. Kampuni ya bima nayo hupata hoja ya kukataa dai, maana gari lililoandikwa kwenye hati silo lililopata ajali. Mkopeshaji aliyeshika kadi kama dhamana hubaki na karatasi tu.

Hesabu yenyewe iko wazi. Chukulia gari la shilingi milioni 15 linalouzwa milioni 12 kwa sababu “kadi ina tatizo dogo”. Punguzo ni milioni 3. Likikamatwa, hasara ni milioni 12, yaani faida ya magari manne ya aina hiyo imeteketea kwa gari moja, bila kuhesabu siku za kushinda kituoni. Hakuna mfanyabiashara wa mpunga anayekubali biashara ya namna hiyo kwenye magunia.

Kukagua hakuhitaji fundi bingwa. Kwenye Land Cruiser na Fuso namba hugongwa kwenye fremu, upande wa mbele. Kwenye magari madogo mara nyingi iko kwenye bati nyuma ya injini au chini ya kiti. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba yenye tarakimu na herufi 17. Huanza na alama ya modeli. IST ya toleo la kwanza, kwa mfano, huanza na NCP60, NCP61 au NCP65. Mikwaruzo ya tupa, rangi mpya mahali hapo tu, au alama za kulehemu ni sababu ya kuondoka.

Madalali wa Mpanda wangejijengea heshima kwa kukubaliana kanuni moja: muuzaji na mnunuzi waende pamoja TRA, namba ya chuma ilinganishwe na kumbukumbu, ndipo fedha zitoke. Muuzaji anayekataa safari hiyo fupi amekwisha kujibu swali. Mnunuzi naye asikubali kuachiwa kazi ya “kunyoosha kadi” baadaye, kwa punguzo lolote lile. Gari halali litapatikana tena msimu ujao. Mtaji uliotaifishwa haurudi.