Kabla ujaze green card, jua kilichowapata washindi wa 2020

Green card lottery ilifunguka tena 2024. DV-2026 ilianza Oktoba 2 na ikafungwa Novemba 7, na kama mtaa wenu uko na cyber ushaona lile bango: bendera ya Marekani, "Jaza Hapa", na bei ambayo jamaa anaamua akishakuangalia viatu. Kujaza hiyo ya DV-2026 kwenyewe kulikuwa bure kwa tovuti ya serikali yao. Ulikuwa unalipia kiti na Wi-Fi.

Sikuambii usijaze. Jaza. Lakini kuna story iliisha 2024 kimyakimya, wiki ileile ya Juni tulikuwa tumejaa tao kukataa Mswada wa Fedha, na hakuna mtu huku alikuwa na time ya kufuatilia korti za Washington. Korti ya rufaa ilisema washindi wa DV-2020 na DV-2021 waliofungiwa mlango na Covid hawana chao tena. Imeisha hivyo.

Hawa wasee wa DV-2020 walijaza Oktoba 2018. Mei 2019 matokeo yakatoka, zaidi ya 80,000 dunia nzima wakigombania viza ambazo hazizidi 55,000. Hapo ndio wengi huanza kualika shangazi na wajomba mapema sana. Kuchaguliwa ni kupewa namba ya foleni tu. Baadaye unajaza DS-260, unangoja Gigiri ikuite, unatafuta good conduct, unapimwa hospitali, halafu unalipa dola 330 siku ya mahojiano, doh ambayo hairudi hata ukinyimwa. Yote hiyo lazima iishe kabla ya Septemba 30 ya mwaka wako. Oktoba 1 ikikupata bila viza, rudi ujaze upya kama mtu mwingine yeyote.

Sasa weka Covid hapo katikati.

Machi 20, 2020, balozi za Marekani zilisimamisha kazi za kawaida za viza dunia nzima. Aprili 22 Trump akasaini amri ya kuzuia wahamiaji wapya kuingia, ati kulinda kazi za Wamarekani. Ilikuwa ya siku 60. Juni ikasukumwa hadi Desemba 31, kisha ikasukumwa tena hadi Machi 2021. Angalia hiyo Desemba vizuri. Imeruka Septemba 30. Mshindi wa DV-2020 alikuwa anaambiwa angoje kitu ambacho kingekuja akiwa tayari ameoza kwa foleni.

Na wale walikuwa na viza tayari kabla ya amri? Hao hawakuguswa na marufuku. Poa, si ndio? Cheki sasa. Kenya nayo ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Machi 25, na hazikurudi hadi Agosti 1. Viza kama hiyo hukaa miezi sita hivi, saa zingine chini, ju inafuata tarehe ya kipimo cha hospitali. Chukua mtu aliyepewa Januari, akaaga kazi, akauza kochi na friji, akakata tikiti ya Aprili. Piga hesabu mwenyewe iliisha lini. Na njia tulizozoea za London, Amsterdam na Paris zilikuwa noma kivyake. Marekani ilizuia wageni wengi waliokuwa Uingereza au nchi za Schengen ndani ya siku 14, hata kama ulikuwa unabadilisha ndege tu.

Washindi wakaenda korti. Septemba 4, 2020, Jaji Amit Mehta akaamuru kesi zao zianze kushughulikiwa, zikiwa zimebaki siku 26. Septemba 30 akaamuru viza 9,095 ziwekwe kando kwa wale muda ungewaishia. Lakini marufuku ya kuingia hakuigusa, kwa hivyo kuna waliopewa viza na bado wakabaki kwao wakiiangalia tu.

Biden akaingia. Februari 24, 2021 akafuta amri ya Trump na watu wakaserereka. Halafu mawakili wa serikali hiyohiyo ya Biden wakakata rufaa kupinga kutoa zile 9,095! Mimi hapo ndio huwa nachoka na watu wa kusema mambo ya uhamiaji ni Trump pekee. DV-2021 nao wakaingia shimo lilelile, balozi zikiwa bado zinajivuta, na jaji akawawekea kando viza 6,914. Juni 2024 korti ya rufaa ikaangusha zote: sheria inasema mwaka ukiisha umeisha, na jaji hana nguvu ya kuurefusha.

Kisheria sioni vile wangesema tofauti, ju ndivyo ilivyoandikwa. Lakini ona vile imepangwa. Ofisi ikijifungia miezi sita, muda unaokatwa ni wako. Wao hawana tarehe yoyote inayowauma.

Ndio maana uchaguzi wao wa Novemba 5, 2024 ulikuwa unakuhusu kuliko hiyo picha unahangaika kupiga background nyeupe. Waliochaguliwa DV-2026 walijua Mei 2025, na mahojiano yao yalipangiwa kati ya Oktoba 2025 na Septemba 30, 2026. Muda huo wote kalamu ilikuwa ya kwenda kwa Trump ama Harris. Na nguvu ya rais kuzuia wageni kwa amri, Mahakama yao ya Juu ilishaibariki 2018. Haihitaji hata Covid nyingine.

Kwa hivyo ukibahatika, jaza DS-260 mapema, na uombe namba yako iwe ya chini, ju wa namba za juu ndio huwa karibu na Septemba kitu kikiharibika. Kazi usiache, ploti usiuze, mpaka viza iwe ndani ya pasi na ndege ziwe zinaruka. Na ile confirmation number usiachie jamaa wa cyber. Kuna wenye hukaa nayo, ukishinda wanakuitisha pesa ndio wakupe. Ipige picha kabla utoke kwa hicho kiti.