Tupime Kwanza, Kisha Tununue

Mahali pengi penye seva za kuhifadhia data, lipo lalamiko linalorudiwa mara kwa mara: faili kubwa zachelewa mno kufika ziendako. Jawabu linalotolewa huwa ni lilelile, yaani kununua njia pana zaidi ya mtandao. Fedha hutafutwa, mkataba hutiwa sahihi, na baada ya mwezi mmoja yaonekana kwamba faili zaenda kwa mwendo uleule wa zamani. Rai yangu katika makala haya ni kwamba mara nyingi kosa haliko katika upana wa njia, bali katika masharti waliyowekewa watumishi hao wa chuma. Na kwamba kosa hilo hugunduliwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aiweza.

Tumfikirie mfanyabiashara wa Unguja apelekaye karafuu Mombasa kwa majahazi. Mwenzake wa Mombasa amemwambia kwamba ghala lake lina nafasi ya magunia 10 tu, na kwamba asilete mengine mpaka apate stakabadhi ya hayo. Ikiwa jahazi huchukua siku moja kwenda, na stakabadhi siku moja kurudi, basi yatapelekwa magunia 10 kila baada ya siku mbili, hata kama bandari imejaa majahazi matupu. Kuongeza majahazi hakutasaidia kitu. Linalohitajika ni ghala kubwa zaidi upande wa pili.

Seva nazo hupelekeana data kwa kanuni ya namna hiyo. Itifaki iitwayo TCP, ambayo hutumika sana kupelekea faili, huzigawa data katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, na seva ipokeayo hurudisha stakabadhi. Kiasi cha data kinachoruhusiwa kuwa njiani kabla ya stakabadhi kurudi huitwa dirisha. Ukubwa wa dirisha hutegemea bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa ili data zisubiri humo. Hili ndilo ghala letu. Hapo awali nafasi ya kuandikia ukubwa wa dirisha ilikuwa ya biti 16 tu, kwa hiyo dirisha halikuweza kuzidi baiti 65,535. Mwaka 1992 ilitolewa kanuni ya kulikuza mpaka kufikia gigabaiti 1 hivi.

Sasa na tufanye hesabu. Mpaka mwaka 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi kupitia huko ilichukua kama nusu sekunde. Mwaka huo kebo ya SEACOM ilipotua pwani yetu, muda huo ulipungua sana. Lakini mwanga katika nyuzi za kioo huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde, na umbali wa Ulaya haukufutika. Tuseme kwamba kwenda na kurudi kati ya seva iliyo Dar es Salaam na nyingine iliyo Ulaya huchukua sekunde 0.2, na njia ina uwezo wa megabiti 100 kwa sekunde. Ili njia hiyo ijae, data zinazotakiwa kuwa njiani ni 100,000,000 × 0.2, yaani biti 20,000,000, ambazo ni sawa na megabaiti 2.5. Ikiwa dirisha ni la baiti 65,535, mwendo utakuwa 65,535 × 8 ÷ 0.2, yaani kama megabiti 2.6 kwa sekunde. Faili ya gigabaiti 100, ambayo ingefika kwa muda wa saa 2 na robo hivi, itachukua siku 3 na nusu. Na tukinunua njia ya megabiti 1,000, mwendo utabaki megabiti 2.6, kwa kuwa upana wa njia haumo kabisa katika hesabu hiyo ya mwisho.

Historia nayo yatufundisha. Mwezi Oktoba 1986, huko Marekani, mwendo wa data kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, mahali pasipoachana hata meta 400, ulianguka kutoka biti 32,000 mpaka biti 40 kwa sekunde. Waya haukuwa umekatika. Kompyuta zilituma kupita uwezo wa njia, na pakiti zilipopotea zilituma tena na tena, zikazidi kuisonga. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels walichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 wakachapisha dawa yake. Dawa hiyo haikuwa waya mpya, bali kanuni mpya za kutuma.

Huenda msomaji akasema kwamba mifumo ya siku hizi, kama vile Linux, hujirekebishia bafa yenyewe. Ni kweli, lakini hujirekebisha mpaka kikomo kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni megabaiti chache tu. Kwa njia ya megabiti 100 kikomo hicho chaweza kutosha. Kwa njia ya gigabiti 10 na muda uleule wa sekunde 0.2, zinahitajika megabaiti 250. Aidha, programu ikijiwekea kiasi maalumu cha bafa, marekebisho hayo huzimwa.

Wala isidhaniwe kwamba dawa ni kuongeza kila kitu bila kipimo. Bafa ya megabaiti 250 kwa kila mteja, wateja wakiwa 100 kwa wakati mmoja, yaweza kudai gigabaiti 25 za kumbukumbu. Wengine hukuza pakiti kutoka baiti 1,500 mpaka 9,000 ili seva ishughulikie pakiti chache. Jambo hili hufaa ndani ya chumba kimoja cha seva, mradi kila kifaa cha njiani kikubali ukubwa huo. Kimoja kikikataa, pakiti ndogo hupita na kubwa hutupwa: seva zasalimiana vizuri, kisha faili yakwama, na fundi hukesha akitafuta kosa. Ndiyo maana kunakili masharti ya seva ya mwingine bila kuyaelewa ni sawa na kunywa dawa aliyoandikiwa jirani.

Hapana budi basi tufuate njia ya sayansi. Kwanza tupime muda wa kwenda na kurudi. Pili tupime mwendo wa mtandao peke yake, pasipo kugusa diski. Tatu tupime diski, maana huenda ndizo zilizo goigoi. Tuchunguze pia kama pakiti zinapotea, kwa sababu TCP ikiona upotevu hupunguza mwendo, na katika safari ndefu huchukua muda mwingi kuurudisha. Kisha tubadili sharti moja tu kwa wakati mmoja, tuandike thamani ya zamani na mpya, na tupime tena.

Nawasihi walimu wa fizikia na hisabati walifanye jambo hili kuwa zoezi la darasani. Amri iitwayo ping, iliyomo karibu katika kila kompyuta, huonyesha muda wa kwenda na kurudi. Wanafunzi na wapime seva ya karibu na ya mbali, wazidishe, wagawanye, na waeleze kwa nini majibu yanatofautiana. Miongoni mwao watatoka watakaokabidhiwa seva za hospitali, vyuo na idara za serikali. Fedha watakazoombwa kuidhinisha zitakuwa za wananchi, na itafaa wawe wamezoea kuuliza kipimo kabla ya kutia sahihi.