Fedha Iliyolala na Njia Tunayopita

Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Tengeru alinisimamisha nje ya msikiti. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama cha kuweka akiba. "Ustadhi," alisema, "fedha yetu imelala. Riba ya benki hatuitaki. Je, hakuna kazi ya halali ambayo fedha hii ingeifanya, hata ikiwa ni kututengenezea njia ya kupita?"

Swali lake limebeba mambo mawili: njia na fedha. Tuanze na njia.

Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, yenye kilomita 14.1, na ile ya mchepuko ya kilomita 42.4, zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na mchango wa Serikali yetu. Ni neema: malori ya masafa marefu sasa yanaweza kuuzunguka mji wa Arusha badala ya kupita katikati yake. Lakini mkopo hulipwa, na miongoni mwa walipaji ni mama huyu, kila anunuapo bidhaa yenye kodi. Naye hana gari. Hutoka nyumbani kwa miguu, hubanana ndani ya daladala, kisha huvuka njia nne akiwa na mzigo kichwani. Ana haki ya kuuliza fedha itakayokopwa kesho itamjengea nini: njia ya waendao kwa miguu, kituo chenye paa, mabasi makubwa yenye ratiba, au reli imara zaidi ya ile iliyoturudishia treni ya abiria Oktoba 2020, baada ya ukimya wa zaidi ya miaka 30.

Sasa fedha. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi na miji iliyosongamana, ilikabili swali kama hili. Mwaka 2009 serikali yake ilianza kuwauzia wananchi wa kawaida hati za sukuk. Mwaka 2013 fedha ya sukuk ikaelekezwa moja kwa moja kwenye mradi wa kujenga njia ya pili ya reli kati ya Cirebon na Kroya, katika kisiwa cha Java. Mwaka 2018 ikatoa sukuk ya kijani ya dola bilioni 1.25 kwa ajili ya miradi inayohifadhi mazingira, usafiri ukiwemo.

Sukuk haiuzi deni tupu. Mwenye hati huwa na fungu katika manufaa ya kitu kinachojulikana, kama vile reli au jengo. Katika mfumo wa ijara, serikali hukikodi kitu hicho, kodi hiyo hugawiwa wenye hati, na muda ukiisha serikali hukinunua. Kwa hiyo kila mwenye hati anaweza kuuliza, "Kitu chenyewe kiko wapi?" Faida kubwa ya mfumo huu ni kwamba hati hufungamanishwa na kitu kinachojulikana.

Hata hivyo, tusidanganyane. Sukuk si sadaka, wala haiifanyi barabara kuwa ya bure. Stendi ya mabasi hukusanya ushuru, na ushuru huo unaweza kulipa kodi ya ijara. Njia ya waendao kwa miguu haikusanyi hata senti, hivyo kodi yake itatoka katika hazina, yaani mifukoni mwetu sote. Mradi uliochaguliwa vibaya utabaki mzigo, hata ukiandikiwa mkataba wa halali.

Mlango huu si mgeni kwetu. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekwisha kutoa sukuk yake kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Kinachokosekana Arusha ni sauti ya watu kama mama huyu, isikike katika mikutano ya mitaa na mbele ya madiwani kabla mradi haujachaguliwa.

Nilimjibu hivi: "Mama, siku mtakapoletewa hati, ulizeni mambo matatu kabla ya kufungua sanduku. Kitu kinachojengwa ni kipi, na nani atakitumia? Kodi itakayogawiwa itatoka wapi? Na kikishajengwa, nani atakitunza, kwani mvua za Meru hazimsubiri fundi?"

Akatabasamu, akasema, "La nne nitaliuliza mwenyewe: je, mimi nitavukia wapi?"

Ndugu msomaji, swali lake la nne ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Wabillahi tawfiq.