Acheni Kutuuzia Upepo wa Unguja

Ndugu zangu wa kalamu, leo nimekuja na ugomvi. Mhariri alinikabidhi bahasha ya hadithi fupi nizipitie kabla ya toleo hili, hadithi 11, zote za vijana wa mjini hapahapa, wengine nawajua kwa sura maana kahawa tunakunywa kijiwe kimoja. Nimezisoma nikiwa nimekaa juu ya robota Mtaa wa Kongo, namsubiri mteja. Katika hizo 11, hadithi 4 ni hadithi moja. Ndiyo, moja! Majina tu yamebadilishwa.

Inakwenda hivi. Kijana na mpenzi wake wamechoka na Kariakoo. Vumbi, honi, wapiga debe, mwenye nyumba mkorofi. Wanapanda boti. Ukurasa wa pili tayari wanakaa Unguja katika nyumba nyeupe inayotazama bahari. Bibie kajifunga kanga, bwana kajifunga kikoi, harufu ya karafuu inaingia dirishani, wanakula pweza wa nazi, jua linazama. Mwisho.

Sasa mie nauliza: kodi nani analipa? Pweza kanunuliwa kwa hela ipi? Maji ya kumchemshia huyo pweza kachota nani? Na hiyo harufu ya karafuu, jamani, inatoka wapi? Karafuu nyingi ziko Pemba, na Pemba ni safari nyingine. Mwandishi hajui hata hilo, lakini anajua sana jinsi jua linavyozama.

Nauliza kwa sababu nilikaa huko. Mimi na mke wangu tulihamia Unguja mwaka 2007, tukakaa hadi 2013. Hatukuwa na nyumba nyeupe. Tulipanga chumba na sebule Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Ghorofa ya nne. Mimi nilikuwa nachukua vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Kariakoo, navusha, nauza kule. Mke wangu alikuwa akikaanga maandazi na kushona. Bahari tulikuwa tunaiona, siyo uongo, ukipanda juu kabisa kuanika nguo.

Mwezi Mei 2008 umeme ukakatika kisiwa kizima. Unguja wakati ule ilitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni huku kwetu hadi Fumba. Tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Waya mpya ulikuja kuzinduliwa 2013, mwaka tuliofunga virago, na bado mke wangu hunicheka kwa hilo.

Mtu wa bara akisikia umeme umekatika anafikiria taa. Taa siyo kitu, kibatari kipo. Shida ni kwamba pampu za maji zinaendeshwa na umeme, kwa hiyo ukikatika umeme na bomba limekauka. Basi tukawa watu wa madumu. Tunatoka alfajiri tunakwenda kwenye kisima cha watu, tunapanga foleni, tunarudi na madumu ya lita 20, yeye moja mimi mawili, ngazi kwa ngazi hadi juu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anakaa mlangoni ghorofa ya pili akituona tunapita anasema, “Haya wanangu, si mlisema mnakuja kupunga upepo?” Mke wangu anamjibu, “Shikamoo bibi, upepo ndio huu tunaubeba.”

Wenzangu mmewahi kuona mtu anauza samaki saa nne asubuhi uso umemkunjamana? Darajani, soko lile la tangu 1904, barafu ikawa haipatikani. Samaki asiyeuzwa mpaka adhuhuri ni hasara. Hapo ndipo nilipojifunza bei ya jua mnalolisifia.

Na chakula? Vitunguu, nyanya, viazi, vingi vyake vinavuka kutoka huku. Yaani yule mpenzi wenu aliyekimbia Kariakoo, sahani yake inatoka Kariakoo! Boti ikichelewa na mchuzi unachelewa. Mnaigawa dunia vipande viwili, Kariakoo jehanamu na Unguja pepo, wakati kinachotenganisha ni mwendo wa boti kama saa mbili, na watu wanashinda wakienda na kurudi na marobota vichwani. Kabla sisi huku hatujapata televisheni, miaka ya themanini, watu wa Dar walikuwa wanavuka kufuata redio na vitambaa Unguja. Wao televisheni wanayo tangu 1974, sisi tumeipata 1994. Leo bidhaa zimegeuza njia, wao ndio wanafuata mali hapa. Hiyo peke yake ni riwaya, lakini nani aiandike, wote mmekaa ufukweni.

Ngoja nirudi kwenye ile bahasha. Kuna hadithi moja, lugha yake nzuri kweli, namwonea wivu kijana yule. Wapenzi wako Paje, wanatazama bahari, na mwandishi anasema wanawake wa kijijini walikuwa “wakicheza majini na kanga zao za rangi kama vipepeo”. Ndugu yangu, wale hawachezi! Wale wanalima mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Bamvua likifika na maji yakitoka, mwanamke anaingia baharini na vijiti na kamba, anafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, ameinama, maji ya chumvi mpaka kiunoni, mgongo juani. Baadaye anavuna, anabeba mzigo umeloa, anaanika mchangani, mnunuzi anakuja anapima kwa kilo. Unasafirishwa ng'ambo, huko unatolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa za meno. Aina moja, ile yenye bei nzuri wanayoiita cottonii, ilianza kuoza maji ya kina kifupi yalipozidi joto, ikabidi wengi wabaki na ile ya bei ndogo. Kuna wanawake waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa mwani. Kuna waliotupiana maneno makali na waume zao kwa sababu sasa mke ana hela yake mwenyewe. Hebu niambie, hapo hadithi ya mume na mke haipo? Unao mbele ya macho yako, wewe unaona vipepeo!

Waandishi wa kule kwenyewe hawakutudanganya hata siku moja. Adam Shafi katika Kuli (1979) ametupeleka bandarini, kwa wachukuzi na mgomo wa 1948. Said Ahmed Mohamed riwaya yake ya 1977 ameiita Asali Chungu, jina lenyewe lakutosha. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ana riwaya iliyofasiriwa kwa Kiswahili 2022 kwa jina la Peponi. Ukiifungua ukitarajia upepo, unakutana na mtoto aliyetolewa na baba yake kulipia deni. Sasa wenyewe wameandika hivyo, wewe wa Mtaa wa Likoma uliyekwenda siku mbili kwenye harusi unatuandikia nini?

Mtasema, aa, kaka, hadithi siyo ripoti ya serikali. Msomaji kachoka, anataka apumzike, mahaba nayo ni haki yake. Sikatai! Nani kasema hapakuwa na mahaba? Ile miezi mitatu ya madumu ndiyo tuliyopendana kuliko miezi yote. Tulikuwa tunapumzika ghorofa ya pili, tumekaa kwenye ngazi gizani, madumu katikati yetu, tunahema kama mbuzi, tunacheka hatujui tunacheka nini. Alikuwa ananipaka mafuta ya nazi mabegani, nami namfuta unga mikononi. Sijawahi kuiona hiyo katika hadithi zenu. Mahaba yenu hayana mabega.

Halafu bahari. Nyie kwenu bahari ni bluu basi. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikienda Pemba. Julai 18, 2012, siku ya Jumatano, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, imetoka hapahapa Dar. Mimi nilikuwa nipande siku hiyo. Robota langu halikuwa limefungwa vizuri, yule kijana wa kufunga akaniambia kesho mzee, nikaghairi. Simu yangu imezima chaji na mimi nimelala chumbani kwa rafiki Gerezani, sina habari. Mke wangu alisimama Malindi bandarini tangu jioni hadi usiku pamoja na watu wengine waliokuwa wanasubiri, akitazama kila anayeteremshwa. Nilipompigia hakusema kitu. Alikata simu. Akapiga tena baada ya kama nusu saa, akaniuliza kama nimekula. Tangu hapo mtu akiniletea hadithi yenye neno “mawimbi yakibembeleza”, mimi siwezi kuimaliza.

Sasa mtasema huyu anajifanya mtakatifu. La hasha. Hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2010, umeme umerudi, nikaandika hadithi kwa ajili ya shindano moja. Nilijua wanachotaka. Nikaandika wapenzi wawili, nyumba nyeupe, kikoi, upepo. Niliiandikia pale pale Michenzani, dumu nimeliegemeza mguu wa meza isiyumbe! Ikapata zawadi ya pili. Hela ile ilitulipia kodi ya miezi mitatu. Nikampa mke wangu asome. Alisoma yote, hana haraka mtu yule, akanirudishia karatasi akaniuliza, “Hawa wanakaa wapi?”

Nikasema, “Si hapa hapa Unguja.”

“Na mie wakati huo nilikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Kodi tulilipa, hakuikataa, lakini tangu siku ile hakusoma tena kitu changu. Akinikuta naandika anapita na ndoo yake. Miaka yote hiyo nimechapa hadithi, watu wananipongeza vijiweni, na msomaji mmoja niliyekuwa namtaka simpati. Kwa hiyo ninapowaambia vijana acheni huo upepo, sisemi kama mwalimu, nasema kama mtu aliyeuza na akalipwa.

Sasa tunakaa Mtaa wa Narung'ombe, chumba kimoja. Soko lile kubwa alilolichora Beda Amuli liliungua Julai 2021, tukalisikia harufu yake hadi kitandani. Mke wangu ndiye anayevuka siku hizi, anapeleka vitenge anarudi na viungo. Hadithi 4 nimemrudishia mhariri na maneno haya kwa kila moja: andika tena, anza na ndoo.

Makala hii nilimwachia mezani juzi, sikumwambia kitu. Jana nikakuta kaiwekea alama ya kalamu mahali pamoja tu, pale niliposema yeye dumu moja mimi mawili. Kaandika pembeni: “Mawili wote. Wewe lako la pili lilikuwa nusu.”